Sabuni ya Maua na Mkono wa Sweta

Jumatatu, 3 Machi

Shajara mpya! Zawadi ya mume wangu. Jalada lake ni velveti ya zambarau, mabaki ya kochi la mteja, ameibandika mwenyewe kwa gundi ya karakana. Ukiinusa unamsikia yeye kabisa. Nani mwingine ana mume fundi makochi anayemvalishia mkewe shajara? Hakuna. Nimeinusa mpaka Mama akaniuliza kama nina mafua. (Mama ni mama yake. Tunaishi kwake mpaka tupate pa kwetu. Nyumba ni nzuri ila sebuleni, nyuma ya mlango, kuna koti la marehemu baba mkwe lililoning'inia miaka na miaka. Vumbi tupu. Nimekaa kimya. Bado mgeni.)

Nimechoka. Miguu inawaka moto. Mimi ni mwalimu msaidizi wa shule ya awali, chumba cha Vifaranga, watoto wa miaka mitatu. Mwalimu mwenye chumba yuko nyumbani na mgongo wake, kwa hiyo vifaranga wote wako mikononi mwangu, na wote wanalia. Asubuhi wakiachwa mlangoni utadhani wanapelekwa jela.

Na leo balaa. Mwalimu Mkuu alituita ofisini, mimi na Bi Pole. Bi Pole ni msaidizi wa chumba cha Sungura, ng'ambo ya korido. Tunamwita hivyo kwa sababu hilo ndilo neno analolijua. Mtoto kaanguka, pole. Mtoto kamwaga maziwa, pole. Watoto wanamganda kama kupe.

Mwalimu Mkuu alisema Jumatatu ijayo anakuja afisa wa malezi, kuangalia kama shule yetu ni mahali ambapo mtoto anajisikia salama, anapendwa, anasikilizwa. Ataketi kila chumba saa ya watoto kupokelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu akasema shule inafungua tawi jipya upande wa pili wa mlima, na baada ya ziara hiyo mmoja wetu atahamishiwa huko. Kulala huko huko. Kurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi! Ndoa yangu bado haijatolewa nailoni!

Sikuuliza anayehamishwa atachaguliwa vipi. Nani asiyejua? Mwenye chumba cha makelele ndiye atakayefungasha. Na chumba cha makelele ni changu.

Nimelia kidogo stoo, nikinusa shati lake. Sijalisema hilo. Nina shati lake kuukuu la kazini ndani ya mkoba, nimelitoa kwenye kapu la nguo chafu kabla Mama hajalifikia. Linanukia gundi, mbao na shingo yake. Hamu ikinizidi naingia stoo, navuta pumzi, natoka mtu mpya. Siku moja Bi Pole alinikuta. Alisema nini? Pole.

Lazima nimshinde.


Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: nishani. Jana jioni nimekata karatasi ya dhahabu mpaka vidole vikaota malengelenge, mume wangu akipuliza kila kimoja. (Ananipenda mno. Anapuliza hata visivyouma.) Kila nishani nimeandika SHUJAA. Utaratibu: mtoto anayelia akinyamaza, anabandikwa nishani kifuani.

Mwanzo, mafanikio matupu. Walinyamaza upesi, wakabandikwa, wakajitazama. Nikajipongeza.

Kisha waliokuja wakicheka wakaona hawana nishani. Wakakaa chini, wakafikiri, wakaanza kulia. Wakanyamaza, wakanyoosha vifua. Yuko mmoja, mnene, hutembea na mikono nyuma, namwita Mzee wa Baraza. Alilia na kunyamaza mpaka kifua kikajaa kama cha jenerali, akaanza kubandika mgongoni. Mwingine, nilipomkimbilia na nishani, aliniambia kwa adabu nisubiri, bado hajamaliza kulia.

Asiyelia ni mmoja tu: Kifungo. Kasichana kageni, kanashika kifungo cha gauni lake siku nzima. Halii. Hasemi pia. Tangu aje sijasikia sauti yake. Anakaa chini ya ndoano za mlangoni, amejifunika uso na mkono wa sweta.

Niandike habari ya ndoano. Ni utaratibu wa Mwalimu Mkuu, alitoka nao semina. Kila mtoto ameleta kitu kimoja cha nyumbani: mtandio wa mama, foronya, kipande cha blanketi. Vinatundikwa kwenye ndoano karibu na mlango, chini, ili mtoto akishikwa na hamu ya kwao akachukue chake mwenyewe. Alieleza kwa nini vinasaidia, tena kwa kirefu, lakini siku hiyo nilikuwa nachora mioyo kwenye kadi za harusi chini ya meza. Cha Kifungo ni mkono wa sweta la bibi yake, wa kahawia, umekatwa begani. Bibi ndiye aliyemlea, sasa yuko mbali. Una kila aina ya madoa.

Nilipofika nyumbani nililala na kijiko mkononi. Mume wangu alikichomoa polepole, akanifuta mdomo. Nilikuwa macho ila sikusema, ili aendelee.


Jumatano, 5 Machi

Kuna siri kwa Bi Pole. Haiwezekani mtu awe na chumba kimya hivyo bila ujanja. Leo nimewapa Vifaranga udongo wa kufinyanga, nimeacha mlango wazi wasitoke machoni mwangu, nikajibana koridoni kuchungulia kwenye dirisha lake.

Taarifa ya upelelezi: hafanyi chochote!

Amekaa chini, miguu kainyoosha, kama mtu aliyeachwa na gari. Mtoto kaja analia. Kasema pole. Mtoto kaendelea kulia, yeye kaendelea kukaa. Hakuimba. Hakutoa nishani. Mtoto alipochoka kulia akamwonyesha kiatu, wakakitazama kile kiatu wote wawili, muda mrefu, kama kimeshuka kutoka mbinguni. Basi. Kwa hilo analipwa?

Nikajua: peremende. Anazo mahali. Wakati wa watoto kulala, Bi Pole akiwa uani, niliingia kupekua droo yake. Nilikuta vifungo, penseli, jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi, na Mwalimu Mkuu nyuma yangu.

Aliniuliza natafuta nini. Nikasema chaki. Akasema chaki ninayo mkononi.

Kweli nilikuwa nayo.

Niliporudi, udongo wa kufinyanga ulikuwa umepandishwa ukutani na Mzee wa Baraza alikuwa amemfinyangia mwenzake masharubu. Kuukwangua kulichukua alasiri nzima. Bega limegoma. Mume wangu amelikanda kwa mikono ile ile inayokaza kamba za makochi. Nimejisikia kochi la thamani.


Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa mapenzi. Nimemweleza mume wangu kwamba nataka kona laini, Kona ya Faraja, mtoto mwenye huzuni ajitupe humo. Hakuuliza mara mbili. Alibeba gunia la vipande vya sponji vya karakana mpaka shuleni kichwani, kabla ya kazi, huku akipiga mluzi. Wanawake wote getini walimtazama. Wangu huyo!

Sikuwahi kuvishona ndani ya kitambaa. Muda uko wapi? Nilivimwaga tu, vikawa mlima, nikaandika bango.

Vifaranga waliingia kwenye faraja kwa kelele nisizowahi kuzisikia. Kisha wakagundua kwamba sponji inanyofoka. Kimya kikatanda, kimya cha watu wanaofanya kazi. Wakanyofoa. Walinyofoa mpaka chembe zikajaa kwenye nywele, kwenye viatu, kwenye maziwa ya saa nne. Mpishi wa shule alikuja na jagi, akalitazama, akanitazama, akasema yeye amepika kwenye shule nyingi, na katika hizo zote walimu walikuwa na akili. Kisha akaondoka.

Hapo nguvu ziliniishia. Nilikaa chini katikati ya chembe zile. Sikuimba, sikuita mtu. Nilikaa tu, mikono magotini.

Kifungo alitoka chini ya ndoano. Mara ya kwanza. Alikuja pole pole, akasimama, akaulaza mkono wa sweta gotini kwangu, halafu akakaa juu yake. Alikuwa wa moto na mzito kidogo. Wengine wakaanza kusogea, wakaketi kunizunguka, na hakuna aliyelia.

Kwa bahati nikakumbuka kwamba chumba hakijafagiliwa. Nikamwinua kwa upole, nikamrudisha kwenye nafasi yake, nikachukua ufagio. Wakaanza tena wote.

Siku imepotea bure. Sijapata wazo lolote.


Ijumaa, 7 Machi

Nimelipata!

Mwalimu Mkuu alipita koridoni asubuhi, akavuta pumzi, akasema kuna harufu. Akaendelea na safari yake. Lakini mimi niliganda. Harufu! Nikatazama zile ndoano. Foronya yenye udenda. Mtandio wenye mafuta ya kichwa. Ule mkono wa sweta, mama yangu! Je, afisa wa malezi akiingia atakutana na nini kwanza? Mtoto atajisikiaje salama katikati ya uvundo? Si ndiyo maana wanalia?

Bi Pole hajawahi kufua vyake. Nimeenda kunusa ndoano zake kuhakikisha. Vinanuka kupita vyetu. Hapo ndipo nitakapompiga bao.

Basi jioni nimevikusanya vyote kwenye gunia la sponji. Wazazi niliwaambia kuna jambo la kuwafurahisha Jumatatu. Wakafurahi. Mama yake Kifungo tu ndiye aliyesita. Yeye ni mlinzi wa kiwandani, huja na sare na macho mekundu ya zamu. Kifungo alikuwa amelala, nikawa nimeshamchomolea ule mkono wa sweta bila kumwamsha, nikaweka taulo safi mahali pake. Mama yake aliuliza uko wapi. Nikasema kwenye mikono salama. Akasema mtoto halali bila huo. Nikamwambia ni siku mbili tu, na akiuona Jumatatu hataamini. Akanitazama kwa uchovu wa mtu asiye na nguvu ya kubishana na mwalimu, akambeba mtoto wake na taulo langu, akaenda.

Maskini. Hajui kuna raha gani inayokuja.


Jumamosi, 8 Machi

Nimefua! Mikono imekuwa kama ya bibi kizee. Nimeloweka, nimesugua, nimesuuza, nimerudia. Sabuni ya kawaida haikutosha, kwa hiyo nilichukua ile ya maua ya Mama, anayoiweka juu ya kabati kwa ajili ya mashuka ya wageni. Alinikuta nayo mkononi. Alisema yeye alipoolewa hakujua hata sabuni ya mama mkwe wake inakaa wapi. Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto wa watu. Akasema watoto wa watu wana mama zao, na mama zao wana sabuni. Lakini aliniachia paketi. Ana roho nzuri, ila anapenda kuificha.

Maji ya mkono wa sweta yalitoka kama chai ya rangi. Nikaendelea mpaka yakawa meupe.

Mume wangu alinisaidia kuanika. Alinibana pua na kibanio cha nguo, nami nikambana sikio, tukacheka mpaka jirani akafunga dirisha. Jua, mapovu, mume! Kisha akashika foronya moja, akauliza kama watoto hawatajali. Nani anachukia usafi, nikamuuliza. Akasema hajui, yeye ni mtu wa makochi. Ila kuna mzee ambaye yeye aliwahi kumbadilishia kitambaa cha kiti chake, kitambaa kizuri kabisa, na mzee akakataa kukikalia. Alikuwa anakizunguka tu.

Nikamwambia wazee wana mambo. Nikampiga busu la sikio lenye kibanio.

Nimepiga pasi vyote. Nimevikunja pembe kwa pembe. Chumba chetu kinanukia bustani.


Jumapili, 9 Machi

Tumelala mchana kutwa. Sina la kuandika ila kwamba anakoroma vizuri.


Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Kichwa kinanigonga.

Nilifika mapema, nikavitundika. Safu nzima, vyeupe, vimenyooka, vinanukia. Nilisimama kando yake kama bibi harusi kando ya keki. Afisa wa malezi akaja, mwanamume mrefu mwenye suti na kalamu mfukoni, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika masikioni. Akasema nisijali, niendelee kama kawaida.

Watoto wakaanza kufika. Wa kwanza alichukua foronya yake, akaipeleka puani kama afanyavyo kila siku. Akasimama. Akainusa tena upande wa pili. Akanirudishia, kwa heshima, kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. Akaanza kulia. Wa pili alinusa mtandio, akanusa na wa jirani, akaanza kunusa safu yote, ndoano kwa ndoano, akitafuta. Vyote harufu moja. Mzee wa Baraza alijaribu kipande chake cha blanketi kichwani, begani, tumboni, kisha akakikanyaga. Wakalia wote. Si kilio cha nishani. Hiki kilitoka chini kabisa.

Kifungo aliletwa mwisho. Mama yake alininong'oneza kwamba hakulala Ijumaa wala Jumamosi wala jana. Nikampa mkono wa sweta mwenyewe, umenyooshwa, laini kama pamba. Akauchukua kwa mikono miwili. Akaufunika usoni.

Akauondoa. Akaenda kuutundika tena kwenye ndoano, kwa uangalifu, akageuka akanitazama. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema.

"Hii si ya Bibi."

Akakaa chini na kulia. Yeye, asiyelia. Mama yake alirudi mlangoni akasimama hapo na kofia ya sare mkononi, na sikuthubutu kumtazama usoni.

Nilifanya kila kitu. Niliimba. Nilitoa nishani zilizobaki, nikabandika popote. Nilieleza kwa sauti, nikiuelekea upande wa afisa, kuhusu vijidudu. Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Bi Pole, na Sungura wake wote nyuma yake kwa mstari, kila mmoja na tambara lake linalonuka. Hakunitazama. Alikaa chini, akanyoosha miguu. Pole, akasema. Sungura wakakaa pia, na mmoja akampa kifaranga pembe ya mtandio wake, anuse. Na afisa wa malezi akatoka kwenye kiti akakaa chini, na suti yake.

Nikajikaza kisabuni mpaka nikashindwa. Nilikimbilia stoo. Nikatoa shati la mume wangu, nikalia ndani yake. Niliona kila kitu: tawi jipya, kitanda cha mtu mmoja, mwisho wa mwezi unaochelewa. Sikusikia mlango. Niliposhusha shati, Kifungo alikuwa amesimama hapo, kamasi mpaka kidevuni, anatazama kile nilichoshika.

"Ya nani?"

"Ya mume wangu," nikasema.

Alifikiri. Akavuta mkono mmoja wa shati, akaunusa, akapiga chafya. Gundi. Lakini hakuuachia. Alikaa chini, nami nikakaa. Tukashika kila mtu mkono wake wa shati, tukalia tukamaliza. Kisha akanionyesha kifungo cha gauni lake. Nikakitazama. Sikuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine.

Nilipoinua macho, afisa wa malezi alikuwa mlangoni mwa stoo. Akarudi zake kimya kimya.

Yamekwisha. Mume wangu amenishika mikono jioni nzima. Nimemwomba anipe mashati yake yote nisafiri nayo.


Jumanne, 11 Machi

NINABAKI! NINABAKI! NINABAKI!

Mwalimu Mkuu alituita. Nilikuwa nimeshafungasha moyoni. Akasema afisa ameona mengi, na mengine hakuyaelewa, lakini kuna moja hatalisahau: mtu mzima na mtoto wamekaa sakafuni, kila mmoja na hamu yake, hakuna anayemharakisha mwenzake. Akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Halafu akasema Bi Pole anaenda tawi jipya. Nikajaribu kuonyesha huzuni. Nikamwambia pole! Bi Pole akacheka. Kumbe kwao ni huko huko, upande wa pili wa mlima. Mama yake yuko huko, mgonjwa. Kumbe ndiye aliyeomba kwenda, hata kabla ya ile Jumatatu ya ziara. Mwalimu Mkuu alingoja ziara ipite tu ndipo amruhusu.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Bi Pole akasema sikuwahi kumuuliza kitu, nilikuwa nachungulia tu dirishani kwake.

Ameniona! Aibu ya mwaka.

Mwalimu Mkuu akanipa amri. Kila asubuhi, watoto wakifika, niketi sakafuni, nisifanye chochote mpaka wa mwisho atulie. Na vitu vya kwenye ndoano visiguswe na sabuni mpaka wazazi waviseme wenyewe. Nimekubali. Adhabu ni adhabu. Ila nina mawazo yangu. Mimi naamini kilichomvutia afisa ni unyoofu wa pasi.


Alhamisi, 13 Machi

Siku ya pili ya kukaa sakafuni. Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mgongo! Na mtu hupati hata cha kuonyesha. Leo walilia kwa zamu, nikasema pole kwa zamu, tukatazama mdudu. Walitulia mapema. Sijui kwa nini. Labda ni hali ya hewa.

Vitambaa vyao vimeanza kunuka tena, na wamevirudia, maskini, hawajui kizuri.

Jambo moja la furaha. Mama yake Kifungo alikuja na bahasha. Alimpigia simu bibi, akamweleza msiba wetu. Niliingojea lawama. Kumbe bibi alicheka kwenye simu mpaka akakohoa, akachukua mkasi, akakata mkono wa pili. Sasa anavaa sweta lisilo na mikono, anasema joto la huko linaruhusu. Mama yake Kifungo alitaka nimpe mtoto mimi mwenyewe. Nilimpa. Akanusa. Akafunga macho.

Kisha akaniambia maneno mengi, mengi, sikuyaelewa hata nusu. Yote yalikuwa ya Bibi.

Mume wangu aliposikia machozi yalimlenga. Alisema ni vumbi la mbao. Ninampenda.

Vifaranga wamenipa ndoano yangu. Walisisitiza wenyewe, Mzee wa Baraza ndiye aliyeichagua. Shati linaning'inia hapo, na mwenye hamu ananusa.


Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimevimba macho. Nimefanyiwa unyama.

Jana nililirudisha shati nyumbani likachajiwe. Yaani mume wangu alivae karakana siku moja, lipate harufu mpya, Jumatatu nilirudishe kwenye ndoano. Nililiweka kitandani. Leo asubuhi nikaingia bafuni, nikatoka, shati halipo.

Lilikuwa kambani! Limesuguliwa, limesuuzwa, linadondosha maji. Mama kasimama kando yake, mikono ina mapovu, anatabasamu. Alisema ameona ninavyorudi nimechoka kila siku, nguo chafu zinalala kitandani, akaona anipunguzie. "Nimekutilia ya maua, mwanangu, ile unayoipenda."

Nilishukuru. Adabu ni adabu. Likakauka, nikaingia nalo chumbani, nikalifunika usoni. Maua. Maua matupu! Gundi imeenda, mbao zimeenda, shingo imeenda. Nililia kwa sauti mpaka mume wangu akaacha chakula. Aliniuliza si yeye mwenyewe yupo hapa? Nikamwambia si sawa. Hakubisha. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, akanyoosha miguu, akasema pole. Nikalia nikamaliza.

Lakini kweli, mtu unafikaje umri ule bila kujua kwamba kitu cha mwenzio hakiguswi? Huulizi? Huoni thamani yake? Wengine wamezaliwa hawana hisia. Mimi nafanya kazi na watoto wadogo, najua.

Ila sitaki kinyongo. Ndani ya ndoa yenye furaha kama yangu hakuna nafasi ya kinyongo. Amenifanyia alichodhani ni wema, nami nitamrudishia wema wa kweli. Nimelala hapa nikifikiri nimshangaze na nini, na ghafla nimelikumbuka lile koti la marehemu nyuma ya mlango wa sebule. Miaka yote hiyo limening'inia na vumbi lake, na tumbaku yake, na hakuna aliyemjali mama wa watu akaligusa. Jioni nilipita pale, nikamkuta amesimama karibu nalo, kaliegemezea uso. Maskini, bila shaka alikuwa anaangalia uchafu.

Kesho anaenda kumwona dada yake asubuhi. Nimeshaandaa beseni. Sabuni ya maua imebaki nusu paketi.

Inatosha.